Injini Nimeijenga Upya, Mbona Gari Halina Nguvu?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina Toyota Corolla ya zamani niliyoinunua ikiwa na injini iliyokufa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua vipuri kimoja kimoja ili niifungie injini yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Nilichagua 4A-GE ya valvu 16, ile ya mwanzo yenye mfumo wa T-VIS wa milango ya kuingizia hewa, ambayo ililetwa kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Aliyeijenga ni mjomba wangu, mdogo wa mama, ambaye ana gereji yake na anaheshimika sana kwa injini za malori.

Silinda zilichongwa na kuwekewa pistoni za milimita 81.5 zenye mgandamizo mkubwa zaidi, kulasi, yaani kichwa cha silinda, ikakwanguliwa nusu milimita, viti vya valvu vikasagwa, na kamshafti zikabadilishwa kwa zile zinazoacha valvu wazi kwa muda mrefu. Mkanda wa taimingi, klachi na pampu ya petroli ni vipya.

Injini inawaka vizuri, ila barabarani gari ni zito. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika linajivuta, baada ya hapo linapata uhai kidogo, kisha likifika 4,500 linapanda kwa shida hadi 5,500 na halitaki kuendelea, ilhali nilitarajia lipite 7,000. Nilipokwenda Likasi sindano ya joto ilipanda kwenye miinuko, na niliposimama usiku na kufungua boneti niliona manifoldi ya ekzosi imekuwa nyekundu. Nimebadilisha plagi na chujio la petroli bila mafanikio. Mjomba alipima kompresheni, injini ikiwa ya moto, na silinda zote nne zikaonyesha kati ya kilo 9.4 na 9.6 kwa sentimita ya mraba. Akasema kwa kuwa zinalingana injini ni nzima, hivyo ninunue kompyuta nyingine ya injini. Rafiki yangu wa Kampemba anasema kukwangua kulasi ndiko kulikoharibu taimingi, na kwamba nitafute kulasi nyingine. Pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja tu. Ninunue kipi? Na nitazungumzaje na mjomba bila kumvunjia heshima, kwa maana yeye ndiye aliyenilea?

Kijana wa Katuba

Mdogo wangu wa Katuba,

Usinunue kompyuta na usinunue kulasi. Kabla ya yote, acha kulibebesha gari hilo mzigo mpaka muda wa cheche upimwe, kwa sababu manifoldi inayowaka wekundu ina maana kwamba moto unaendelea kuungua wakati valvu za kutolea moshi zimekwisha kufunguka, au kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi na petroli pungufu. Yote mawili huchoma valvu na gasketi, na safari nyingine moja ya Likasi katika hali hiyo inaweza kukugharimu kazi yote uliyokwisha kuilipia.

Katika barua yako yote, kitu chenye thamani kubwa zaidi ni zile namba nne za kompresheni. Mjomba wako amezisoma kwa upande mmoja, na kwa upande huo amesoma sawasawa: silinda zinazolingana kiasi hicho hazina ringi moja iliyovunjika, wala valvu moja iliyopinda, wala gasketi iliyopasuka kati ya silinda mbili. Upande uliobaki ni ukubwa wa namba zenyewe. Injini ya aina hii ikiwa nzima na ikiwa na pistoni za kiwandani huonyesha zaidi ya kilo 12 kwa sentimita ya mraba kwenye usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo geji ile ile ingeonyesha kama 11 hapa kwetu. Wewe umeweka pistoni zenye mgandamizo mkubwa zaidi, na namba ilipaswa kupanda. Imeshuka hadi 9.5, tena katika silinda zote nne kwa pamoja.

Kinachozishusha silinda zote kwa kiasi kimoja ni kitu ambacho silinda zote zinakishiriki. Hakikisha kwanza kwamba kipimo kilichukuliwa plagi zote zikiwa zimetolewa, betri ikiwa na nguvu na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, kwa sababu mlango wa hewa ukibaki umefungwa silinda hazipati cha kugandamiza. Ikiwa hayo yote yalizingatiwa, sababu kubwa inayobaki ni valvu za kuingizia hewa kufunga zikiwa zimechelewa, hivyo kwamba pistoni inapopanda inarudisha sehemu ya hewa kule ilikotoka kabla ya mgandamizo kuanza. Sehemu ya ucheleweshaji huo imetokana na kamshafti zako mpya, ambazo kwa asili yake hufunga valvu kwa kuchelewa ili injini ipumue vizuri kwenye mizunguko ya juu. Lakini kamshafti za namna hiyo hulipa juu kile zinachokopa chini, na gari lako halilipwi kokote. Hapo ndipo ninaposhuku kwamba mkanda wa taimingi umekosewa jino moja.

Rafiki yako wa Kampemba amegusa mahali pa kweli. Kulasi inapokwanguliwa, makapi ya kamshafti husogea karibu na krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, mkanda hulegea, na kikaza mkanda kikiuvuta ule ulegevu kamshafti hubaki nyuma kidogo. Tofauti iko kwenye kipimo. Nusu milimita huzichelewesha kamshafti kwa takriban digrii 1 ya krankshafti, na hakuna dereva anayeweza kuihisi digrii hiyo kwenye kiti. Jino moja la mkanda, ikiwa kapi dogo la krankshafti lina meno 24, ni digrii 15 kamili. Kwa hiyo kulasi yako haina hatia, na hata ungeibadilisha, mkanda ukirudishwa kwa alama zile zile zilizosomwa vibaya gari litakuwa zito vile vile.

Kulithibitisha hili hakuhitaji kuivunja injini. Toeni plagi zote, kifuniko cha mkanda na kifuniko cha valvu, kisha mzungushe krankshafti kwa spana, kwa mkono, kuelekea upande ambao injini huzunguka. Msitumie stata hata mara moja katika kazi hii, kwa maana pistoni zenu zimeinuliwa na kamshafti si za kiwandani, na valvu ikigusana na pistoni chini ya spana mtaihisi na kusimama, lakini stata haisimami. Pistoni ya kwanza ikifika kilele chake, alama za makapi yote mawili ya kamshafti zielekeane na alama zilizo nyuma yake. Zungusheni tena mizunguko miwili kamili na muangalie upya, kwa sababu ulegevu wa mkanda hujificha upande mmoja mpaka mkanda utembee, na mara nyingi mkanda uliokaa sawa mezani huonekana umeruka baada ya mizunguko hiyo miwili.

Hapa nakuomba uwe mkaidi kidogo. Alama ya kapi la nje la krankshafti, ambayo mnaitumia kujua kilele cha pistoni, inaweza kusema uongo. Kapi hilo mara nyingi lina duara la nje lililobandikwa kwa mpira juu ya kitovu chake, na katika injini iliyokwisha kuzeeka mpira ule huachia, duara likateleza digrii kadhaa, na tangu siku hiyo kila fundi anayeipima injini hiyo anapata jibu lisilo la kweli kwa mikono iliyo safi kabisa. Dawa yake ni kutafuta kilele halisi. Chukua plagi ya zamani, toa kaure yake, funga ndani yake bolti yenye ncha ya mviringo, kisha ikaze kwenye silinda ya kwanza pistoni ikiwa chini, ili pistoni inapopanda iiguse na kusimama kabla ya kufika juu. Zungusha taratibu upande mmoja mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye kapi, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo. Kama alama ya kapi haiangukii hapo, ipake rangi mpya mahali pa kweli, na kila kipimo cha baadaye kianzie hapo.

Kwa kuwa kamshafti zenu si za kiwandani, alama pekee hazitoshi. Kila kamshafti ya aina hiyo huuzwa na karatasi inayosema ni digrii ngapi baada ya kilele valvu ya kuingizia hewa inapaswa kuwa imefunguka kwa upana wake wote. Fungeni kwenye krankshafti karatasi ya duara yenye digrii 360, wekeni geji ya saa juu ya kikombe cha valvu, mtafute mahali valvu iko milimita 1 kabla ya kufunguka kabisa na mahali iko milimita 1 baada yake, kisha mchukue wastani wa digrii hizo mbili. Ukilinganisha wastani huo na karatasi ya muuzaji utajua, pasipo kubahatisha, kamshafti imechelewa kwa kiasi gani. Kama hamna makapi yanayorekebishika, hicho ndicho kipuri ambacho ningekuruhusu utumie pesa yako iliyobaki kukinunua, na ninasema hivyo nikijua umebakiwa na kidogo. Kabla ya kukisogeza chochote hakikisheni nafasi kati ya valvu na pistoni, kwa kubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni na kuzungusha kwa mkono, na kazi hiyo inataka kulasi ifunguliwe. Kama mjomba aliipima nafasi hiyo wakati wa kufunga, mwombe akupe namba. Kama hakuipima, jiepusheni na kusogeza kamshafti zaidi ya pale karatasi inaposema.

Wakati kifuniko cha valvu kiko wazi, pimeni pia nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kiwandani nafasi hiyo ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingizia na 0.20 hadi 0.30 kwa za kutolea, ingawa kamshafti mpya zinaweza kutaka vipimo vyake zenyewe. Viti vikisagwa valvu hukaa juu zaidi na nafasi hupungua, na valvu isiyo na nafasi hukataa kufunga injini inapopata moto.

Muda wa cheche ndio unaonitia wasiwasi mkubwa zaidi kuhusu ule wekundu ulioona. Katika injini hii cheche ya msingi hupangwa kwa digrii 10 kabla ya kilele, injini ikiwa ya moto na ikizunguka taratibu kwa mizunguko kama 800, na kwa sharti moja ambalo fundi wa malori ya dizeli hana sababu ya kulijua: lazima kwanza mwunganishe kwa waya mfupi pini ya T na pini ya E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti. Bila waya huo kompyuta huongeza digrii zake yenyewe. Fundi akiona 18 kwenye taa ya taimingi huzungusha distributa mpaka isome 10, akiamini amerekebisha, kumbe ameondoa digrii 8 ambazo injini ilizihitaji, na upungufu huo huifuata injini mpaka juu kabisa. Cheche iliyochelewa hivyo huleta hasa hayo uliyoyaandika, yaani uzito, joto kwenye miinuko na manifoldi inayong'aa. Na ikiwa alama ya kapi imeteleza, hata waya ukiwepo jibu litakuwa la uongo, na ndiyo sababu nimeitanguliza kazi ya kutafuta kilele.

Sasa kile kigugumizi cha 4,500. Mfumo wa T-VIS una milango midogo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, ambayo kwenye mizunguko ya chini hufunga njia moja kati ya mbili zinazoelekea kila silinda, kisha hufunguka kwenye mizunguko kama 4,400 ili injini ipate hewa yote. Injini iliyohamishwa kutoka gari moja hadi jingine mara nyingi huunganishwa hosi za vakyumu kwa kukisia, na milango hiyo ikibaki imefungwa, injini hunyongeka pale pale ilipotarajiwa kuamka. Mtu mmoja akanyage mafuta gari likiwa limesimama, na mwingine atazame kijiti kinachosukuma milango. Kisiposogea mizunguko inapopita 4,400, fuateni hosi na waya mpaka mpate penye kosa. Uchunguzi huu hauna gharama, nami ningeufanya leo hii kabla ya chakula cha jioni.

Petroli huja baada ya hayo. Fungeni geji ya shinikizo kwenye njia ya petroli na muisome gari likiwa linapanda mlima, kwa sababu pampu dhaifu au bomba lililobanwa linaweza kuonyesha namba nzuri kabisa injini ikizunguka taratibu. Shinikizo linapaswa kuongezeka unapokanyaga mafuta, si kushuka. Uangalie pia mahali unaponunua petroli. Pistoni zenye mgandamizo mkubwa haziwezi kuvumilia petroli iliyochanganywa, na hata kama wale wauza petroli wa barabarani tunaowaita Kadafi wamewahi kukuokoa barabarani, injini hii isijazwe kutoka kwenye chupa zao. Ukisikia mlio wa kugongagonga kama vipande vya chuma ndani ya silinda unapokanyaga mafuta, achia pedali mara moja.

Yaliyobaki ni ya dakika chache. Hakikisha mlango wa hewa unafunguka wote pedali ikifika chini, kwa kuwa waya wa pedali ulioazimwa kutoka gari jingine mara nyingi huishia robo tatu ya njia. Chujio la hewa litazamwe, hasa sasa ikiwa ni kiangazi na vumbi jekundu liko kila mahali. Inua magurudumu uone kama breki zinashika zenyewe. Klachi naiacha kando, kwa sababu ingekuwa inateleza injini ingepanda mizunguko upesi bila mwendo kuongezeka, nawe umesema injini yenyewe haitaki kupanda.

Jambo moja hutaliondoa kwa spana. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa Lubumbashi takriban asilimia 12 ya nguvu zake za usawa wa bahari, hivyo nguvu farasi 120 za kiwandani huwa kama 105, na marekebisho yako yanajenga juu ya hiyo 105. Usiilinganishe na video za watu wa Durban, ambao wako baharini. Jilinganishe na wewe mwenyewe: tafuta kipande cha barabara tambarare nje ya mji, alfajiri kabla malori ya shaba hayajajaa, na upime kwa simu gari linachukua sekunde ngapi kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa likiwa kwenye gia ya tatu. Anza kupima cheche ikishasahihishwa, si kabla, na urudie kipande hicho hicho baada ya kila badiliko moja. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeponya.

Mjomba hajakosea kabisa kuitaja kompyuta. Kwa kamshafti na pistoni ulizonazo, kompyuta ya kiwandani itahitaji kupangwa upya siku moja ili injini itoe kila ilicho nacho. Lakini anayeipanga kompyuta juu ya mkanda ulioruka jino analificha kosa ndani ya namba, na siku mkanda utakapofunguliwa tena mtalazimika kuanza upya.

Kuhusu kuzungumza naye, usimpelekee barua hii na usimwambie kwamba kuna mtu amesema amekosea. Mpelekee namba zake mwenyewe. Mwambie, «Mjomba, zile 9.5 ulizozipima zimenifikirisha, kwa sababu pistoni tulizoweka zilipaswa kuzipandisha, naomba tutafute pamoja kilele cha kweli cha pistoni ya kwanza.» Fundi aliyejenga injini za malori miaka mingi anajua uzito wa swali hilo, na mara nyingi ataona jibu kabla hujamaliza kuuliza. Mlipe siku hiyo kama unavyomlipa kwa kazi nyingine yoyote, hata akikataa, kwa maana kupima ni kazi, na fundi anayepima bure hulazimika kuharakisha ili arudi kwenye magari yanayomlisha.

Mkimaliza, niandikie mambo manne: digrii za kamshafti zote mbili mlizopima, digrii za cheche waya ukiwa kati ya T na E1, kompresheni mpya ya kila silinda, na shinikizo la petroli mlimani. Kama mkanda na cheche vimekaa sawa na kompresheni bado ni 9.5, tutatia hewa ya kompresa ya fundi wa matairi kwenye kila silinda valvu zikiwa zimefungwa, na kusikiliza inakotokea: kwenye mlango wa hewa, kwenye ekzosi, kwenye tundu la oili au kama mapovu kwenye rejeta. Hapo ndipo, na si kabla ya hapo, nitakubali kulasi ifunguliwe.